Maua ya Bibi na Vigingi vya Bwana

Mimi sikuumbwa mpole, na nikifa msije mkasimama kaburini mkanisifia upole. Mama mkwe wangu alikuwa akisema kwamba siku niliyoletwa kuolewa, mbuzi wote wa boma walijificha mvunguni. Alisema kwa utani, lakini alisema mara nyingi mno.

Kiswahili changu nilikipata shambani, kwa kusikiliza amri. Kusoma na kuandika nilikuja kujifunza katika darasa la ubatizo, mvi zimeshaanza kunitoka. Kwa hiyo mnisamehe nikikwama mahali. Nataka kueleza habari ya masika moja ya wakati wa Mjerumani, masika ambayo kihamba chetu chote, shamba la ukoo lenye migomba, mfereji na kaburi la baba mkwe, kilining'inia kwenye majani ya maua ambayo sikuyajua hata jina.

Kwetu ni upande wa Meru unaotazama Usa, juu ya nyanda za Kikwe. Boma la Arusha, ngome ya Mjerumani yenye gereza ndani, lilikuwa limekwisha kujengwa, na wanaume wengi wa kwetu walikuwa na makovu mabegani ya kubeba mawe yake. Mume wangu hakubeba mawe. Yeye alichukuliwa kubeba mizigo ya safari ya Mzungu mmoja, homa ikammaliza njiani, na wenzake wakaturudishia blanketi lake. Tukabaki wanawake wawili katika nyumba moja, mimi na mama yake. Mtoto sikuwa naye. Watu walitarajia nirudi kwa wazazi wangu, lakini nilimtazama yule mama, nikatazama migomba aliyopanda mume wangu kwa mikono yake, nikasema sitoki.

Chini yetu alikuwapo Bwana mmoja wa Kijerumani mwenye shamba la kahawa. Kila mwaka shamba lake lilipanda mlima kidogo. Asubuhi moja tukasikia nyundo. Kutoka nje, tukakuta watu wenye mnyororo wa kupimia wanapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, na mstari wa vigingi unapita juu ya nyumba yetu. Yaani sisi tumo ndani ya shamba la Bwana, pamoja na kaburi. Nyapara wake, mtu aliyetoka mbali na aliyejua Kiswahili kizuri kuliko wote, akatuambia bila hata kutusalimu kwamba masika ikiisha migomba itakatwa ipandwe kahawa.

"Na sisi?" nikamuuliza.

"Nyinyi mtashuka bondeni. Bonde ni kubwa."

Mama mkwe alichukua panga. Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, pale palipopandwa masale, mimea ya kutenga shamba na shamba, tangu enzi za babu wa mume wangu, akakata isale moja refu lenye majani mabichi. Kwetu mtu akikujia ameshika isale, hata kama ameua, huna budi kukaa chini umsikilize. Ndiyo sheria yetu. Akaniambia, "Vaa vizuri. Twende kwa Mzungu wako huyo."

"Si wangu, mama."

"Basi twende tukaone ni wa nani."

Tukashuka. Bwana alikuwa barazani anakunywa kahawa. Mama mkwe akapiga magoti na kumnyooshea isale kwa mikono miwili. Bwana akalipokea, akaligeuza huku na huku, akacheka kidogo, akamwita mkewe na kumpa. Yule Bibi akashukuru kwa adabu kabisa, akalitia kwenye gilasi ya maji juu ya meza kama ua la kupendeza! Loo! Mama mkwe alibaki amepiga magoti, mdomo wazi. Isale la msamaha wa damu limewekwa karibu na sukari. Niliona uso wake unavyobadilika nikashikwa na hasira ya kutaka kupindua ile meza.

Hasira ndiyo iliyonifanya nigeuze macho pembeni, na hapo ndipo nikaona kibanda. Kilikuwa kimejengwa kwa fito ubavuni mwa nyumba, na ndani yake meza ndefu za mbao, na juu ya meza vyungu, na ndani ya vyungu yale maua yanayoota juu ya miti msituni, ambayo sisi tuliyapita kila siku tukienda kuchanja kuni. Bibi aliyaita okidi. Alikuwa ametuma watu wayabandue mlimani. Yalikuwa katika hali mbaya sana. Majani yalikuwa na mabaka ya manjano, mengine yamegandwa na magamba meupe, mengine yameoza katikati. Bibi aliona nayatazama. Naye alikuwa mgonjwa, mifupa ya shingo inaonekana, na alikuwa akijiandaa kwenda Ulaya kutibiwa.

"Yanakufa," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Yote. Kila siku moja." Akaanza kulia pale pale mbele yetu, mtu mzima, bila kujificha.

Nikasema, "Mimi najua kuyaponya."

Uongo mtupu. Sikuwa nimewahi kupanda ua maishani mwangu. Mama mkwe alinitupia jicho ambalo bado nalikumbuka. Lakini neno limeshatoka, nikalifuata. Nikamwambia Bibi kwamba nitayatunza mpaka watakaporudi, na wakirudi wakayakuta hai, vigingi vishuke chini ya kihamba chetu visipande tena. Nyapara akaangua kicheko. Bibi hakucheka. Alimgeukia mumewe wakazungumza kwa lugha yao, yeye anazidi kulia, Bwana anazidi kutikisa kichwa, mpaka mwisho Bwana akainua mikono kama mtu anayetaka tu kelele ziishe, akasema, "Haya. Ndiyo. Maua hai, vigingi chini. Lakini hakuna ua kutoka kibanda hiki. Hata moja. Likitoka, wewe mwizi, wewe Boma."

Bibi akanishika mkono, nami nikaushika wake. Ulikuwa na joto la homa. Wiki ile wakaondoka wote wawili kuelekea pwani kupanda meli, wakasema masika ikikatika Bwana atakuwa amerudi, na Bibi naye akipata nafuu.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani mama mkwe akaniuliza, "Unajua nini kuhusu maua yale?"

"Sijui kitu, mama."

"Afadhali umesema ukweli kwa mtu mmoja leo."

Sasa nieleze upumbavu wangu, maana bila huo hakuna hadithi. Sisi ni watu wa mifereji. Maji yanatoka juu mlimani na kila nyumba ina zamu yake. Zamu yako ikifika usipofungulia maji, jirani atafungulia, na utaitwa mvivu mpaka wajukuu zako. Nimelelewa hivyo tangu utotoni, kwamba mmea hautaki maneno, unataka maji na samadi. Basi nikajipa zamu asubuhi na zamu jioni. Nikabeba maji mtungi baada ya mtungi, nikamwagia kila chungu mpaka yakafurika. Nikaleta na samadi ya ng'ombe wetu, ile nzuri, iliyokaa, nikayajazia mashinani. Nilijiona hodari. Hata wimbo niliimba.

Siku ya kumi na kitu hivi kibanda kikaanza kunuka. Nikashika ua moja katikati ili nilisogeze, moyo wake wote ukachomoka ukabaki mkononi mwangu, laini, mweusi, kama ndizi iliyosahauliwa. Nikashika la pili, hivyo hivyo. La tatu. Nikachimbua mizizi nikaikuta imekuwa uji. Nilikuwa nimeyaua kwa kuyalisha! Nyapara alikuwa amesimama mlangoni.

"Daktari," akaniita, "wagonjwa wanaendeleaje?"

Nikamwambia aende akahesabu kunguni kitandani kwake. Akaenda akicheka, nami nikakaa chini kwenye tope nikalia kwa hasira. Sikulilia maua, nililia kihamba. Nilimwona akilini mama mkwe akishuka bondeni na kitanda chake kichwani kwa sababu ya mdomo wangu.

Halafu nikajifuta. Nikajiambia, wewe mwanamke, haya maua hayakuzaliwa kwenye chungu. Kesho yake alfajiri nikapanda msituni, nikatafuta mti wenye maua ya aina ile, nikakaa chini yake. Nilikaa mpaka jua la mchana. Nilitazama tu. Nikaona kwamba mizizi yake haimo kwenye udongo wowote, imekumbatia gome la mti, hewani, na upepo unaipitia. Ukungu wa mlima ulipopita mizizi ikawa ya kijani. Ulipokwisha ikarudi kuwa ya kijivu, na hapo ndipo mmea ulipoonekana una raha. Hakuna samadi. Hakuna zamu ya maji. Kumbe ni viumbe vinavyokunywa kidogo na kukauka haraka, kama watu wa kufunga.

Nikarudi nikaanza upya. Niliyang'oa yote kwenye vyungu, nikakung'uta udongo na ile samadi yangu nzuri. Kisu nilikipitisha kwenye moto, nikakata kila kilichooza mpaka nikafika kwenye nyama nzima, na kila nilipokata mmea mmoja nilikirudisha kisu motoni kabla ya kugusa mwingine, kwa sababu uozo unatembea na kisu. Kidonda nilikipaka makaa yaliyosagwa. Kisha nikayaacha juu ya meza, matupu, mizizi juu, siku tatu bila tone la maji. Nyapara alipoyaona alishika kichwa. "Umeyachinja!" akasema. Nami nikamwambia asubiri, kuchinja hajaona.

Yaliyokuwa yameoza kabisa niliyazika mbali. Yaliyobaki yakakaza. Lakini sikupata hata muda wa kujisifu, kwa sababu sasa niliweza kuyaona yale magamba meupe vizuri. Yalikuwa vidugamba, wadudu wadogo walioganda chini ya jani kama upele, wananyonya. Nilivikwangua kwa ukucha, na baada ya siku nne vikarudi. Nikavikwangua tena, vikarudi zaidi. Ndipo nikagundua sisimizi. Walikuwa wanapanda miguu ya meza kwa msururu, wanawaendea wale vidugamba, wanawapapasa, wananywa ule utamu unaowatoka. Na siku moja nilimshuhudia sisimizi amembeba kidugamba mdogo mdomoni anampeleka kwenye jani jipya. Nikapiga kelele peke yangu mle ndani: "Ala! Wanafuga!" Walikuwa wafugaji kama sisi. Wanahamisha ng'ombe kwenda malisho mapya. Na mimi nilikuwa napigana na ng'ombe, mchungaji yupo.

Kwa hiyo nikaanza na mchungaji. Kila mguu wa meza niliuweka ndani ya bakuli la maji, sisimizi asipate pa kupita. Majani yote yaliyogusa ukuta nikayasogeza. Halafu dawa. Nilisikia watu wa kahawa wakisema tumbaku inaua wadudu. Tumbaku iliyokuwapo nyumbani kwetu ilikuwa moja tu, ugoro wa mama mkwe, na mama mkwe na ugoro wake walikuwa hawatenganishwi. Nilimwendea nimeinamisha kichwa.

"Mama, naomba ugoro."

"Umeanza kunusa?"

"Ni wa maua."

Akafungua kile kikopo chake cha pembe, akavuta pua moja ya mwisho, akapiga chafya, akanikabidhi chote. "Nenda," akasema. "Lakini nikikosa shamba na ugoro vyote viwili, usije kulala humu."

Niliuloweka kwenye maji ya majivu pamoja na kipande cha sabuni aliyoiacha Bibi, nikachuja, nikachukua kitambaa cha pamba nikaanza kufuta. Jani moja moja. Chini ya jani kwanza, ndiko wanakojificha, halafu kwenye kwapa la jani, halafu juu. Kitambaa kilichogusa mgonjwa hakikugusa mzima mpaka kimechemshwa. Kila siku ya Mungu. Vidole vilichubuka kwa yale majivu, na usiku mikono ilinuka ugoro hata mama mkwe akawa ananisogelea kwa hamu. Wiki ya tatu nilikagua meza nzima sikuona hata kidugamba kimoja. Nikakagua tena kwa sababu sikujiamini.

Konokono nao walikuja na mvua za mwanzo. Walikula mizizi michanga ncha zote. Hao hawakunisumbua, kwa sababu kwetu wadudu wa mgomba tunawatega kwa kukata kipande cha shina la mgomba na kukilaza kifudifudi, wanajikusanya chini yake, asubuhi unageuza na kuwaokota. Nikaweka vipande hivyo chini ya meza. Kisha nikaongeza vibakuli vya makapi ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na asubuhi nilikuta konokono wamezama humo wamelewa hadi kufa. Nyapara aliponusa pombe kwenye kibanda cha Bwana alikuja mbio akidhani amenipata. Nikamwonyesha bakuli. Aliwatazama wale konokono, akasema polepole, "Angalau walikufa wakifurahi," na siku ile kwa mara ya kwanza tulicheka pamoja.

Na isale? Lilikuwa bado kwenye ile gilasi barazani. Kila nilipopita nilibadilisha maji yake, kwa heshima ya mama mkwe tu. Likatoa mizizi.

Kisha masika yenyewe ikaingia. Aliyeishi upande wetu wa mlima anajua, kuna wiki hujui kama ni asubuhi au jioni, wingu limeshuka hadi mlangoni na nguo haikauki. Kile kibanda kilikuwa kimekingwa na nyumba, upepo haupiti, na mbao zikaota kuvu. Madoa meusi yakatokea kwenye majani. Nilikata, nikapaka makaa, nikatenganisha, nikapunguza maji hadi nikaacha kabisa, madoa yakaendelea. Kila asubuhi nilikuta moja limelala. Kibanda chenyewe ndicho kilichokuwa ugonjwa, na Bwana alikuwa amesema hata ua moja lisitoke humo.

Nilimweleza mama mkwe jioni tukipika. Alikuwa anamenya ndizi na hakuinua macho.

"Mke akiugua kwa mumewe asipone, tunafanyaje?"

"Anarudishwa kwao akatunzwe."

"Basi unaniuliza nini?"

Kwetu hiyo si aibu, ni tiba. Msichana aliyechoka kwa mumewe hurudi kwa mama yake, akakaa, akanenepa, akarudi. Lakini msituni sikuweza kuyapeleka, kule ningewezaje kuyafuta kila siku? Tulikuwa na miti ya mringaringa kwenye kihamba, mirefu, inayotia migomba kivuli, gome lake linakwaruza vizuri na upepo wa mlima unapita chini yake kutwa. Kesho yake mvua iliponyesha kubwa, ile inayowafungia watu wote ndani, nilishuka na kapu la majani ya ng'ombe. Nikayatandika maua ndani, nikafunika majani juu, nikapanda nayo. Nilikwenda safari tano mchana ule, nimelowa mpaka mifupa. Kila moja nililifunga kwenye gome kwa kamba ya mgomba, mizizi ikigusa mti, moyo ukiinama kidogo ili mvua isituame ndani.

Mtu akiniuliza kama nilijua ninachofanya, nitasema ukweli. Safari ya kwanza nilikuwa nafikiria ugonjwa tu. Safari ya tatu nilikuwa nafikiria shoka la Bwana pia. Nilijua kwamba atakayekata miti ile atakata maua ya mkewe. Nilijua, na nikaendelea kupanda.

Mvua ilipopungua nyapara alikuta meza tupu. Alinijia hadi nyumbani, uso umemvimba.

"Umeiba! Umeniponza na mimi! Bwana akirudi unakwenda Boma kwa mnyororo!"

"Akirudi," nikamwambia. "Hajarudi bado."

"Yarudishe leo."

"Thubutu! Yakirudi yanakufa. Yakifa kihamba kimekwenda. Sasa wewe niambie, Boma na bonde, tofauti iko wapi?"

Nafikiri alitaka kuyarudisha mwenyewe, lakini mama mkwe alikuwa amekaa chini ya mringaringa wa kwanza na panga la kukatia ndizi mapajani, anamenya ndizi.

Nikaendelea na kazi. Sisimizi walipanda mitini pia, nikazungushia kila shina mkanda wa majivu na kuufanya upya kila mvua ilipoufuta. Konokono walinifuata, nikawategea mbege. Nilipanda ngazi kila asubuhi nikiwa na kitambaa changu. Madoa meusi yalikauka, hayakuenea tena. Yakatoa mizizi mipya, minene, yenye ncha za kijani, ikashika gome kama vidole vya mtoto vinavyoshika nguo ya mama yake. Moja dogo, lililokaa mezani chini ya dirisha la Bibi, lilikuwa na majani mawili tu tangu siku ya kwanza, nalo ndilo nililolilisha samadi zaidi ya mengine yote. Hilo nililisemesha kila siku. Nililitukana pia. Nililiambia, ukifa wewe, nitakufukua nikuue tena.

Mwisho wa masika Bwana akarudi. Alirudi peke yake. Habari ilifika kabla yake: Bibi alikuwa amefia huko kwao. Niliposikia nilikaa chini. Nilimlilia yule mwanamke, nasema kweli, nililia kama ndugu, kwa ajili ya mkono ule wenye joto. Halafu nikakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa shahidi wangu. Aliyetoa ahadi kwa sababu ya machozi yake sasa hana machozi ya kumbembeleza.

Siku ile ile aliyofika, alasiri, akapanda kwetu. Nyapara alikuwa nyuma yake na watu wawili wenye mashoka nyuma ya nyapara. Bwana alikuwa amekonda, ndevu zimeachwa. Mkononi alikuwa na kiboko. Nilimpokea kwenye lango la masale, mama mkwe ubavuni kwangu.

"Maua wapi?"

"Yapo, Bwana."

"Kibanda tupu. Wapi?"

Nikamgeuzia mgongo, kitu ambacho mtu hakufanya mbele ya Mzungu siku zile, nikatembea kuelekea mringaringa, nikamwacha achague kunifuata au kunipiga. Nikasikia buti zake nyuma yangu.

Maua yalikuwa yamefunguka. Yale meupe yenye mkia mrefu mwembamba, ambayo mchana hayana harufu na jua likianza kushuka hunukia mpaka ndani ya nyumba. Jua lilikuwa linashuka. Yalining'inia mti hadi mti katikati ya migomba yetu. Bwana akasimama. Akavua kofia. Alitembea polepole kutoka shina moja hadi jingine kama anayetafuta mtu, na kiboko kikawa kinaburuta kwenye majani.

"Dogo," akasema. "Lile lake. Dirishani kwake. Majani mawili."

Nikampeleka, nilikuwa nimelifunga chini, usawa wa kiuno. Lilikuwa limepata jani la tatu na kikonyo kimoja cha maua manne. Aliinama, akageuza jani. Akagundua, nami nikagundua pamoja naye kwa aibu, kidugamba kimoja chini ya jani, kilichonipita asubuhi ile. Akajaribu kukitoa kwa kidole gumba. Alikuwa anakwangua kwa nguvu, na angelichana lile jani.

"Siyo hivyo!" nikasema kwa ukali.

Nyapara akafumba macho. Bwana akanigeukia. Kitambaa changu kilikuwa begani, kinanuka ugoro. Akakinyooshea mkono.

"Onyesha mimi," akasema. "Nitafanya mimi. Kila siku."

Nilitaka kumpa. Alikuwa mtu aliyefiwa, nami nilijua kufiwa. Lakini nyuma yake niliona wale wawili na mashoka yao, na juu ya nyumba yetu kichwa chekundu cha kigingi, na nikakumbuka isale karibu na sukari. Nikakishika kitambaa kwa mikono miwili.

"Kwanza vigingi, Bwana."

Alielewa, niliona kwamba ameelewa, kwa sababu damu ilimpanda usoni. Akatazama miti, akatazama mashoka, akatazama lile ua. Kisha akakitupa kiboko chini akapanda mwenyewe mpaka kigingi cha kwanza, akakishika kwa mikono miwili, akakitikisa na kuking'oa. Akakiendea cha pili. Nyapara alikimbia kumsaidia, akamfukuza. Aling'oa vyote sita, akitokwa jasho, akashuka navyo kifuani kama kuni hadi chini ya kihamba chetu, akavitupa pale.

Mama mkwe alikuwa ameshaingia kwenye njia. Alishuka hadi barazani kwa Bwana bila kumwomba mtu ruhusa, akarudi na lile isale lake lenye mizizi, likitona maji ya gilasi. Akaliingiza kwenye shimo la kigingi cha kwanza, akashindilia udongo kwa kisigino.

Bwana alikuwa amerudi chini ya mringaringa, mikono yake imechafuka, ananisubiri. Nikamnawisha kwanza, maana uozo unatembea na mikono. Kisha nikampa kitambaa.

"Inama, Bwana," nikamwambia. "Chini ya jani kwanza."